Kilo Tatu Mkononi: Mkanda Gani Utamfaa Mpiga Picha Wako?

Wapo wanaume wanaowanunulia wake zao manukato, wapo wa vitenge, na wapo wale wa simu mpya kila Desemba. Mimi mwaka huu nimenunua mkanda. Usiwaze mbali, si wa kiunoni. Ni mkanda wa kiganja, kile kipande cha ngozi kinachoushikiza mkono wa kulia kwenye kamera ili kamera isidondoke hata vidole vikilegea. Cheka, ukimaliza nisikilize. Kama unaishi na mpiga picha, au wewe mwenyewe ndiye unayeshinda na kamera Jumamosi nzima kwenye harusi za watu, jambo hili linakuhusu kuliko unavyodhani.

Mke wangu anapiga picha za harusi. Ndiyo kazi yake, si ya kujishikiza, na kuna miezi mshiko wake unauzidi wa kwangu mimi mhariri mwenye shahada ya mawasiliano ukutani. Mkono wake ukiuma, nyumba nzima inaumwa.

Usiku mmoja alichukua mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki, akaanza kupima vifaa vyake. Kamera yake ni Canon 5D Mark III, toleo la mwaka 2012: ikiwa na betri na kadi ni gramu 950. Lenzi ya 70-200, ile nyeupe ndefu ambayo wageni waalikwa huiita bazuka, gramu 1,490. Flashi ya juu na betri zake nne, nusu kilo na ushei. Jumlisha. Karibu kilo tatu. Sasa kilo tatu za sukari kutoka dukani hadi nyumbani si kitu, hata mtoto wa darasa la nne anabeba. Lakini zishike kwa vidole vya mkono mmoja, uziinue mpaka jichoni, uzishushe, uziinue tena, tangu bibi harusi anapopakwa poda saa tatu asubuhi mpaka keki inakatwa saa nne usiku. Usiombe.

Na tatizo si uzito peke yake, ni kule kubana. Vidole vitatu vya chini vinaibana kamera muda wote, hata pale ambapo hapigi picha yoyote, kwa hofu tu ya kuangusha kitu cha mamilioni. Kidole gumba nacho kinasukuma kutoka nyuma. Kano zinazokiendesha kidole gumba hupita ndani ya ala nyembamba pembeni mwa kifundo cha mkono. Zikisuguana mno, pale panavimba, na maumivu yanapanda hadi kwenye kigasha. Madaktari wameupa ugonjwa huo jina la Fritz de Quervain, daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895. Unajua wanaoupata sana ni akina nani? Mama waliojifungua karibuni, kwa sababu ya kumnyanyua mtoto kwa kumshika kwapani huku vidole gumba vimetanuka.

Sasa mjumlishe mtu mwenye mtoto mchanga na kamera ya kilo tatu. Huyo ndiye mke wangu baada ya uzazi wetu wa pili. Ilifika mahali hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya maziwa ya mtoto. Daktari akampa kifaa cha kushikiza kidole gumba na kumwambia apumzike wiki kadhaa. Tukiwa kwenye gari akanigeukia: "Mume wangu, nikipumzika, ada ya shule tutalipa kwa kicheko?" Sikuwa na jibu, na nilikuwa naendesha.

Kama nawe una maumivu ya aina hiyo, kipimo chake ni rahisi: kunja kidole gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi upande wa kidole kidogo, taratibu. Ukiruka, nenda hospitali. Na kama shida yako ni ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayokuamsha usiku, hiyo ni hadithi nyingine: ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo. Mkanda hautibu hilo, hata uwe wa dhahabu.

Kalinzi haitaki haraka

Mkanda wa kwanza aliuvaa kwenye harusi ya mdogo wangu, nyumbani kwetu Kalinzi. Aliuazima kwa mpiga picha mwenzake Dar es Salaam.

Kwa wasiopajua: unatoka Kigoma mjini, unapita Mwandiga, unashika barabara ya Manyovu na kuanza kupanda. Joto la ziwani unaliacha chini. Ukifika kwetu ni migomba, kahawa, ukungu wa asubuhi na udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hugeuka sabuni. Upande wa magharibi, nyuma ya safu ya milima, ndiko Gombe inakoteremkia Ziwa Tanganyika. Nyumba zetu ziko kwenye miteremko, kwa hiyo harusi ya Kalinzi ni kupanda na kushuka: kwa bwana harusi juu, kwa bibi harusi bondeni, kanisani ng'ambo, na mpiga picha anatakiwa awe mbele ya msafara akitembea kinyumenyume.

Halafu kuna salamu. Sisi Waha salamu zetu si "mambo" na "poa" halafu basi. Unasimama, unainama au kupiga goti, unapiga makofi taratibu, unaulizwa habari za ulikotoka, za watoto, za safari, nawe unauliza, na hakuna mwenye haraka. Mikono yote miwili ina kazi. Sasa mkwe wa nyumba anakutana na shangazi zangu watatu kwenye kijia cha kahawa, na mkono wake wa kulia umefungwa kwenye kamera kama umewekwa bandeji.

Mkanda ule ulikuwa wa ile nailoni ya kunata, inayolia "chraaa" ukiivuta. Akavuta. Ikagoma. Shangazi wamesimama, wamekunja mikono ya kupiga makofi, wanamsubiri mkwe wao. Akavuta tena, chraaa, flashi ikalegea na kuinama. Mama yangu ndiye aliyemwokoa. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye maturubai, "huo mkono amekufunga nani, au ni mume wako?" Watu wakaangua kicheko, shangazi mkubwa akiwa wa kwanza. Mke wangu akapiga magoti, akailaza kamera mapajani ikiwa bado imemng'ang'ania, akapiga makofi hivyo hivyo. Salamu ikapita.

Lakini msikie na hili. Saa mbili baadaye, msafara unateremka bondeni, yeye yuko mbele anarudi kinyumenyume, kisigino kikateleza. Mkono wa kushoto ukadaka mti wa kahawa. Wa kulia ukatupwa hewani, vidole vimetanuka vyote vitano. Kamera haikwenda popote. Ilibaki imeshikamana na kiganja kama kupe. Bila ule mkanda, picha zote za asubuhi na lenzi ambayo hatujamaliza kuilipia vingeviringika mpaka kwenye migomba ya jirani.

Usiku ule, tukila ugali wa muhogo na dagaa, akaniambia anataka mkanda wake mwenyewe, ila si ule.

Mambo ya kuangalia

Hapa ndipo nilipogeuka mtafiti, maana mwanamume akitumwa kununua kitu chenye skrubu anapata raha ya ajabu.

Kwanza elewa unavyofungwa. Mkanda wa kiganja una ncha mbili. Ncha ya juu inapita kwenye kitundu kilicho upande wa kulia wa kamera, karibu na kitufe cha kupigia picha, pale pale unapoanzia mkanda wa shingoni. Ncha ya chini ndiyo yenye mambo. Kamera nyingi hazina kitundu cha mkanda chini, zina tundu la skrubu ya stendi tu, lile la robo inchi. Kwa hiyo mikanda mingi inakuja na bamba dogo la chuma au plastiki la kufunga hapo. Wenye gripu ya betri wana nafuu: gripu nyingi kubwa zina kitundu chao cha mkanda kwa chini, na mikanda ya zamani ya Canon kama E1 ilitengenezwa kwa kutegemea hicho.

Bamba likishafungwa, jaribu mambo matatu pale pale dukani, muuzaji anune asinune. Mlango wa betri unafunguka? Kamera ikiwekwa mezani inasimama, au inalala kifudifudi na lenzi yake? Na bamba lenyewe lina tundu jingine la stendi, au kila ukitaka stendi lazima uling'oe? Mke wangu alikataa mkanda mmoja mzuri sana wa ngozi ya kahawia, nilioupenda mimi, kwa sababu bamba lake liliziba nusu ya mlango wa betri. Bibi harusi hasubiri mtu atafute bisibisi.

Pili, mkanda ukae wapi? Ukae mgongoni mwa mkono, nyuma kidogo tu ya vifundo vya vidole. Ukishuka mpaka kwenye kifundo cha mkono, uzito wote unaning'inia pale pale penye ugonjwa. Ukipanda juu ya vifundo vya vidole, vidole havikunji. Kipimo ni hiki: vaa, inua kamera hadi jichoni, kisha fungua vidole vyote vitano kabisa, juu ya kitu laini kama kitanda ikiwa huna imani. Kamera ibaki kiganjani bila kuning'inia. Halafu, bila kujinyoosha, kidole cha shahada kifike kwenye kitufe na kwenye gurudumu la mbele. Kisipofika, mkanda unakuvuta nyuma, na jioni kidole hicho kitakudai.

Hilo ndilo faida yenyewe. Mkanda wa kiganja haupunguzi hata gramu moja, asikudanganye mtu. Unachoondoa ni ulazima wa kubana. Kamera ikishikiliwa na mgongo wa mkono, vidole vinapata ruhusa ya kulegea katikati ya picha na picha, na ni kule kulegea kwa sekunde mbili tatu, mara mamia kwa siku, kunakouokoa mkono.

Tatu, upana na kilichomo ndani. Mkanda mwembamba unakata kama kamba ya ndoo. Mpana katikati ni bora, ila angalia usijazwe sponji nene mno: sponji inausukuma mkono mbali na kamera, na mwenye mkono mdogo anaishia kushika kwa ncha za vidole. Kwa joto la Dar es Salaam au Ujiji jasho nalo lina neno. Ngozi ngumu isiyo na bitana ikilowa na kukauka mara kadhaa inakakamaa na kuchubua. Nailoni inakauka haraka lakini kingo zake zikiwa hazijashonewa vizuri zinakwaruza. Mimi kura yangu naipa ngozi ya nje yenye bitana laini ndani. Mke wangu anasema nasema hivyo kwa sababu inapendeza. Inawezekana.

Nne, na hapa shangazi zangu wanahusika, mkono utoke upesi. Jaribu kuingia na kutoka mara kumi ukiwa umesimama, bila kutumia mkono wa kushoto kama inawezekana. Mikanda ya Peak Design, kwa mfano ule wanaouita Clutch, inakazwa na kulegezwa kwa kuvuta tu, na vishikizo vyake vidogo vya kamba vimetengenezwa kubeba zaidi ya kilo 90. Kamba ikilika, rangi nyingine inajitokeza ndani kukupa onyo. Kitu kizuri, na bei yake inajijua. Wenye mfuko mwepesi watapata mikanda ya bamba na kifungio cha kawaida. Inatosha kabisa, mradi isiwe ya kunata peke yake. Feki nazo zimejaa tele zikiwa na majina makubwa. Usisome jina, shika ncha mbili uvute kwa nguvu zako zote, kisha kagua mshono.

Usichanganye pia mkanda wa kiganja na kitanzi cha kifundo, kile cha kamba unachokivaa kama bangili. Kitanzi ni kizuri kwa kamera ndogo. Kwa kilo tatu, siku ikidondoka itakivuta kifundo cha mkono mzima mzima.

Mkono mdogo, fundi mkubwa

Watengenezaji wengi wa mikanda hii, kwa ninavyoona, wanapima kwa mkono wa mwanamume wa futi sita. Mke wangu anavaa pete ndogo kuliko zote dukani. Mkanda tulioununua, hata ulipokazwa mpaka mwisho, vidole viwili vya mtoto viliweza kupita kati yake na mkono. Na mkanda uliolegea ni afadhali usiwepo, kwa sababu unakupa imani ya uongo.

Tulipokwenda tena Kigoma tukaupeleka kwa fundi viatu wa Mwanga. Mzee yule aliugeuza mkanda, akauvaa mwenyewe, akaushika mkono wa mke wangu, akaupima kwa uzi kuzunguka vifundo vya vidole na kurudi kiganjani. "Shemeji," akaniambia mimi, maana bibi ni wa kwao siku hizi, "hawa waliutengeneza kwa ajili ya mkono wako, si wake." Akakata sentimita tatu upande wa chini, akashona upya kwa uzi mnene wa nailoni mara mbili, na ndani akaweka ngozi ya mbuzi iliyolainishwa. Hata saa moja haikuisha. Tangu siku hiyo namwambia kila mtu: nunua mkanda wenye chuma imara, ngozi mwachie fundi.

Kama unataka kumnunulia mwenzi wako kwa siri, basi fanya alivyofanya yule mzee. Akilala, pitisha uzi kwenye vifundo vya vidole vyake, bila kidole gumba, uweke alama. Akishtuka useme ulikuwa unampima pete. Hapo utakuwa umejitafutia gharama nyingine, lakini hilo ni lako.

Tukiwa Kigoma nilimfikiria sana Hugo van Lawick. Huyu ni Mholanzi, mzaliwa wa Indonesia, ambaye mwaka 1962 National Geographic ilimtuma Gombe akampige picha na filamu Jane Goodall, aliyekuwa amefika pale Julai 1960 kuchunguza sokwe. Unajua yaliyofuata: mwaka 1964 walioana, 1967 wakapata mtoto wao wa kiume, 1974 wakaachana. Filamu "Jane" ya mwaka 2017 ilitengenezwa kutokana na zaidi ya saa 100 za kanda alizopiga yeye. Wote wawili wameshatangulia, Hugo mwaka 2002 hapa Dar es Salaam, Jane Oktoba 2025. Ile miteremko ya Gombe ni ndugu wa miteremko yetu ya Kalinzi, na yule bwana aliipanda na kamera ya filamu ya milimita 16 pamoja na miguu yake mitatu. Tofauti ni kwamba mzigo wake ulikuwa wa mabegani wakati wa kupanda. Akishaisimamisha kamera juu ya miguu mitatu, mikono inapumzika na yeye anasubiri sokwe. Mpiga picha wa harusi hana pa kusimamisha kitu. Anasukumwa na watu wa vigelegele kushoto na watu wa simu kulia.

Kwa hiyo mkanda wa begani usiutupe. Mke wangu sasa anatumia yote miwili: akitembea kamera inaning'inia begani, ikipanda jichoni mkono unaingia kwenye mkanda wa kiganja, na mkono wa kushoto unabeba lenzi kwa chini. Lenzi ndefu lazima ibebwe kwa mkono wa kushoto, hakuna mkanda wa kiganja unaofuta sheria hiyo. Kidole gumba hakijapona asilimia mia, kinamkumbusha asubuhi za baridi, lakini chupa za maziwa anafungua. Kuna dawa nyingine anayoitaja kila wiki: kuhamia kamera mpya zisizo na kioo ndani, ambazo lenzi ya 70-200 ya Canon iliyotoka mwaka 2019 ina gramu 1,070, yaani pungufu ya gramu 420. Nimeangalia bei. Tutaongea mwakani.

Jambo moja dogo limebaki, nalo ni skrubu ya bamba. Inalegea yenyewe, hasa ukisafiri kwa barabara zetu, na ikilegea mkanda wote ni pambo. Ikazwe kila asubuhi ya kazi, na skrubu nyingi za aina hii zina mfuo wa kuingiza sarafu. Sarafu yetu ya kwanza mwanetu mkubwa aliinunulia ubuyu, siku ya harusi ya watu, saa moja asubuhi. Ya sasa ina mfuko wake ndani ya begi la kamera, wenye zipu.